Sotoka: kirusi, kinga na ng'ombe wa Afrika

Sotoka ulikuwa ugonjwa wa virusi wa wanyama wenye kwato zilizopasuka. Uliwashika kwanza ng'ombe na nyati, kisha pofu, tandala, nyumbu, twiga na ngiri. Leo haupo popote duniani, isipokuwa ndani ya majokofu ya maabara chache zenye kibali. Ni ugonjwa wa pili kufutwa kabisa kwa juhudi za binadamu baada ya ndui, na wa kwanza kwa upande wa wanyama. Hata hivyo wanaosomea udaktari wa mifugo Morogoro, Kabete au Makerere hawawezi kuuruka, ingawa hawatarajii kumwona ng'ombe hata mmoja mwenye sotoka. Sababu ni kwamba ugonjwa huu unaonyesha kuliko mwingine wowote jinsi elimu ya virusi na elimu ya kinga zinavyoshikana. Anayekijua kirusi bila kujua mwili unavyokijibu hawezi kutengeneza chanjo. Naye anayeijua kinga bila kujua tabia ya kirusi hatajua amchanje nani, lini, na lini aache kuchanja.

Kirusi chenyewe ni cha kundi la mobilivirusi. Ndugu zake wanafahamika: kirusi cha surua ya binadamu, cha distempa ya mbwa, na cha sotoka ya mbuzi na kondoo. Maagizo yake ya urithi yameandikwa kwenye uzi mmoja wa RNA wenye herufi zinazokaribia 16,000, zikiwa na jeni sita tu. Uzi huo umevishwa protini, na juu yake kuna utando wa mafuta ambao kirusi huuchukua kinapotoka kwenye seli kilimozalishwa. Utandoni zimesimama protini za aina mbili. Ya kwanza, iitwayo H, hukishikiza kirusi kwenye seli kinayotaka kuiingia. Ya pili, F, huuyeyusha utando wa kirusi ndani ya utando wa seli ili mlango ufunguke. Protini hizi mbili ndizo mwili wa ng'ombe unazoziona kwanza, na karibu habari yote ya kinga dhidi ya sotoka inazihusu.

Utando wa mafuta ni nguvu ya kirusi, lakini ni udhaifu wake pia. Jua, ukavu, joto, hata sabuni, huuharibu kwa muda mfupi. Kwa hiyo sotoka haukuweza kukaa ardhini wala malishoni kama kimeta kinavyokaa. Haukubebwa na mbu wala kupe. Ulipita kutoka mnyama hadi mnyama kwa pumzi, mate, machozi na kinyesi kibichi, pale mifugo inapobanana zizini, kisimani au mnadani. Jambo muhimu zaidi ni kwamba ng'ombe aliyepona hakubaki na kirusi mwilini. Alikimaliza. Ili uendelee kuwapo, sotoka ulihitaji kila baada ya majuma machache kumpata mnyama mwingine ambaye hajawahi kuugua.

Kwa bara la Afrika, wanyama wa namna hiyo walikuwa tele. Mwaka 1887 ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia waliushusha ugonjwa huu katika bandari ya Massawa, Eritrea ya leo. Ethiopia ilipoteza sehemu kubwa ya mifugo yake na kuingia kwenye njaa kubwa iliyodumu hadi 1892. Kufikia 1890 na 1891 sotoka ulikuwa umeshafika katika nchi ya Wamasai, ambao wanakiita kipindi kile Emutai, yaani maangamizi. Mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi, na 1897 ukafika Rasi ya Tumaini Jema. Makadirio ya vifo vya ng'ombe katika maeneo mengi ni asilimia 80 hadi 90. Nyati na pofu walikufa kwa wingi vilevile. Nyanda zilizokuwa zikilishwa na makundi makubwa zikaota vichaka, na kadiri wanyama walivyorudi, mbung'o wakapata makazi. Watawala wa kikoloni walioingia wakati huohuo walikuta watu wenye njaa na ardhi iliyoonekana tupu. Wengi wao waliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, na baadhi ya mipaka ya hifadhi ikachorwa kwa imani hiyo.

Ndani ya mwili wa ng'ombe, sotoka ulienda kwa mpangilio unaoeleweka. Kirusi kiliingia kwa pua na koo, kikakamatwa na tezi za limfu za karibu, na hapo ndipo kilipotaka kufika. Protini H yake hushikamana na kishikio kilichopo juu ya chembe nyeupe za damu, hasa limfosaiti zilizoamka kupambana na maradhi. Yaani seli zilizotumwa kulinda mwili ndizo zilizokuwa lango la adui. Kwa siku chache, mara nyingi kati ya tatu na tisa, mnyama hakuonyesha dalili yoyote huku kirusi kikizaliana katika tezi, wengu na utumbo. Kisha homa kali ikapanda. Macho na pua vikatoa majimaji, fizi na ulimi vikaota vidonda vidogo kama pumba zilizobandikwa, na mwishowe kuhara kukaanza. Ng'ombe wa jamii isiyowahi kukutana na kirusi alikufa ndani ya siku sita hadi kumi na mbili tangu homa ianze, kwa sababu ya kukaukiwa na maji.

Idadi ya chembe nyeupe ilishuka vibaya katika siku hizo, hivyo magonjwa mengine yaliyokuwa yamelala mwilini yakaamka. Vimelea vya damu ambavyo ng'ombe alikuwa akiishi navyo bila shida vilimshinda ghafla. Daktari aliyepasua mzoga angeweza kuona dalili za maradhi matatu kwa pamoja na kulaumu lisilohusika. Surua hufanya vivyo hivyo kwa watoto: wengi hawafi kwa surua yenyewe bali kwa nimonia na kuhara kunakofuata.

Lakini hapa ndipo penye ajabu ya sotoka. Kirusi kilichoharibu mfumo wa kinga kwa kiasi hicho kiliuachia, kwa yule aliyepona, kumbukumbu isiyofutika. Limfosaiti zilizobaki zilitengeneza kingamwili zinazokaba protini H na F, zikazuia kirusi kisishike wala kufungua mlango. Seli za kumbukumbu zilibaki kwenye uboho na tezi kwa maisha yote ya mnyama. Wafugaji walilijua hilo kabla ya maabara: ng'ombe aliyenusurika sotoka haugui tena, na bei yake mnadani ilikuwa juu. Jingine ambalo halikujulikana hadi baadaye ni kwamba, ijapokuwa kirusi kilikuwa na koo kadhaa za Afrika na Asia, kwa macho ya mfumo wa kinga zote zilikuwa kitu kimoja. Kingamwili dhidi ya sotoka wa Kenya zilimlinda ng'ombe dhidi ya sotoka wa India. Bila bahati hiyo ya asili, hakuna maabara ambayo ingeweza kuufuta.

Majaribio ya kwanza ya kinga yalitangulia ujuzi wa kirusi. Robert Koch, aliyeitwa Afrika Kusini mwishoni mwa 1896, alitumia nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka kuwachoma wazima, na baadhi yao kweli walipata kinga. Arnold Theiler na Herbert Watkins-Pitchford walichukua njia nyingine: walimpa ng'ombe seramu ya mnyama aliyepona pamoja na damu yenye kirusi. Seramu ilikuwa na kingamwili tayari, hivyo ilipunguza makali huku mwili ukijifunza wenyewe. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini kila mnyama aliyetibiwa hivyo aligeuka kuwa chanzo cha maambukizi kwa jirani. Mwaka 1902, Maurice Nicolle na Adil-Bey mjini Istanbul walithibitisha kwamba kisababishi kinapita kwenye chujio linalozuia bakteria. Kwa maneno mengine, sotoka haukuwa ugonjwa wa kijidudu kinachoonekana kwa hadubini ya wakati ule.

Miaka ya 1920, J. T. Edwards alihamisha kirusi kutoka mbuzi hadi mbuzi, mara mamia, katika kituo cha Mukteswar huko India. Kirusi kilizoea mbuzi na kupungukiwa ukali kwa ng'ombe. Chanjo iliyotokana na njia hiyo, pamoja na ile iliyotengenezwa Kabete kwa njia hiyohiyo, iliokoa mifugo mingi. Kasoro yake ilikuwa ukali uliobaki. Ng'ombe wengine walipata homa, wenye mimba walitupa, na wale wa jamii zisizo na ukinzani walikufa kwa chanjo yenyewe. Kumchanja ng'ombe dhaifu wakati wa kiangazi ilikuwa kamari.

Suluhisho lilipatikana Muguga, kilomita chache kutoka Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki. Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyezaliwa Uingereza mwaka 1923, alifika pale wakati ufugaji wa seli katika chupa ulikuwa umebadili elimu ya virusi. Mwaka 1949, John Enders na wenzake huko Marekani walikuwa wameonyesha kwamba kirusi cha polio kinaweza kukuzwa katika seli nje ya mwili, na wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1954. Plowright na R. D. Ferris walichukua seli za figo ya ndama, wakazikuza katika tabaka jembamba kwenye kioo, wakaziambukiza aina ya kirusi iitwayo Kabete O, iliyopatikana Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Kirusi kikalivunja tabaka hilo la seli. Maji yake yakachukuliwa na kutiwa kwenye seli mpya, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi karibu mara 90.

Kinachotokea katika safari hiyo ni uteuzi. Kirusi cha RNA hunakiliwa kwa makosa mengi, na hakina njia ya kuyasahihisha. Katika mwili wa ng'ombe, nakala zenye makosa fulani zingeshindwa kukwepa ulinzi na zingekufa. Ndani ya chupa hakuna ulinzi wa kukwepwa, hivyo nakala zinazozaliana haraka kwenye seli za figo ndizo zinazoshinda, hata kama zimepoteza uwezo wa kumwangusha mnyama mzima. Uchunguzi wa jenomu uliofanywa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba chanjo ile inatofautiana na mzazi wake mkali katika herufi zisizofika 100 kati ya zile 16,000. Protini H na F zilibaki karibu zilezile, na kwa hiyo somo ambalo mwili ulijifunza kwa chanjo lilikuwa somo la kirusi cha porini.

Chanjo ya Plowright ilikuwa salama kwa ndama, kwa ng'ombe wenye mimba, na kwa jamii zote za ng'ombe zilizojaribiwa. Kirusi chake hakikuhama kutoka mnyama aliyechanjwa kwenda kwa mwingine. Sindano moja ilitosha kwa maisha yote. Ilikuwa rahisi pia kutengenezwa, na ubora wake ungeweza kupimwa kwa chupa badala ya kwa ng'ombe. Wataalamu wanaoihesabu kuwa chanjo bora kuliko zote za mifugo hawatii chumvi sana. Mwaka 1999, Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa ajili yake.

Palikuwa na tatizo moja ambalo chanjo, hata iwe nzuri kiasi gani, isingeliondoa, nalo ni la ndama. Kondo la ng'ombe ni nene kiasi kwamba kingamwili za mama hazipiti kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na sehemu ya kinga ya mama yake. Ndama huzaliwa mtupu. Anachopewa, anapewa katika dang'a, maziwa mazito ya kwanza, ambayo yamejaa kingamwili. Utumbo wake huzipokea nzima nzima, bila kuzimeng'enya, lakini kwa saa chache tu. Uwezo huo hupungua haraka na hufikia kikomo takriban siku moja baada ya kuzaliwa. Ndama aliyechelewa kunyonya, au ambaye dang'a yake imekamuliwa kwa matumizi mengine, huanza maisha bila ngao, na hasara hiyo hairekebishiki kwa kumnywesha maziwa mengi baadaye.

Kwa upande wa chanjo, ngao hiyohiyo ilileta usumbufu. Kingamwili za mama aliyechanjwa zilikaba kirusi cha chanjo kabla mwili wa ndama haujakiona, na ndama akabaki bila kujifunza chochote. Miezi ilivyopita, zile za mama zikaisha, kwa ndama wengine karibu na mwaka mmoja, na mnyama aliyeandikwa daftarini kuwa amechanjwa akawa wazi kwa maradhi. Kwa kuwa daktari wa shambani hawezi kupima damu ya kila ndama, suluhisho lilikuwa kurudia: kupita kila mwaka na kuwachanja wote wadogo hadi wavuke umri ule. Kampeni nyingi zilizoshindwa zilishindwa hapa. Kurudi mwaka wa pili na wa tatu katika kijiji kisicho na ugonjwa ni kazi inayowachosha watu na bajeti, na ni vigumu kumweleza mfugaji kwa nini ng'ombe zake wanasumbuliwa tena.

Kampeni kubwa ya kwanza, iliyojulikana kama Mradi wa Pamoja wa 15, ilianza 1962 huko Afrika Magharibi na ikaendelea hadi 1976, ikipita katika nchi 22. Mafanikio yalikuwa makubwa kiasi kwamba sotoka ukaonekana umekwisha. Haukuwa umekwisha. Mifuko midogo ilibaki mpakani mwa Mali na Mauritania, na katika eneo la Sudan na Ethiopia. Serikali zilipunguza uchanjaji, ndama wapya wakazaliwa, na kila mwaka idadi ya ng'ombe wasio na kinga ikaongezeka. Miaka ya mwanzo ya 1980 ugonjwa ulirudi kwa kishindo Afrika Magharibi na Mashariki. Mwaka 1982 nyati wa Serengeti waliugua tena.

Hesabu iliyo nyuma ya kushindwa huko ni fupi. Ikiwa ng'ombe mmoja mgonjwa, katika kundi lisilo na kinga, huwaambukiza wanne, basi ili ugonjwa upungue ni lazima zaidi ya watatu kati ya hao wanne wawe na kinga: yaani zaidi ya asilimia 75 ya kundi. Chini ya hapo ugonjwa unaenda polepole lakini unaenda. Kibaya ni kwamba kampeni inayofikia asilimia 60 kila mahali inaweza kuwa na madhara zaidi kuliko kutokuwa na kampeni, maana inapunguza vifo vya kutosha kuficha ugonjwa huku ikiuacha uhai. Mpango wa Afrika nzima ulioanza 1986, na ule wa dunia ulioratibiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kuanzia 1994, ilibadili shabaha. Badala ya kuchanja kila ng'ombe barani kila mwaka, walitafuta mahali kirusi kilipojificha na kuchanja hapo kwa ukamilifu.

Mahali hapo palikuwa pagumu: Afar, Karamoja, kusini mwa Sudan, nchi za joto, vita na barabara chache. Chanjo hai ni kirusi hai, na utando wake wa mafuta huharibika kwa joto kama ule wa ndugu yake wa porini. Kuiweka kwenye barafu kutoka kiwandani hadi kambini, yaani kulinda mnyororo baridi, kulikuwa kunashindikana. Mmarekani Jeffrey Mariner alibadili namna ya kuikausha chanjo kwa baridi, akapata unga uliodumu mwezi mzima nje ya jokofu bila kupoteza nguvu. Kirusi kilikuwa kilekile cha Plowright. Kilichoboreshwa ni ukaushaji. Baada ya hapo vichupa vikaweza kubebwa kwa miguu katika mfuko wa ngozi, na waliovibeba walikuwa wafugaji wenyewe, waliofundishwa kwa siku chache na kupewa sindano. Walijifunza kuchanganya unga na maji yake, kuutumia siku ileile, na kutoosha sindano kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa dawa hiyo huua chanjo vilevile. Walifika kwenye makambi ambayo magari ya serikali hayakuwahi kufika. Pia walijua, kwa mwonekano wa macho na kinywa cha ng'ombe, sotoka ni upi na upi si huo. Katika vitabu vingi vya historia ya ugonjwa huu, wanapewa aya moja, ingawa walistahili zaidi.

Ubora wa chanjo ulihitaji msimamizi pia, maana kichupa kisicho na kirusi hai cha kutosha hakitofautiani kwa macho na kilicho kizuri. Kituo cha PANVAC cha Debre Zeit, Ethiopia, kilipewa kazi ya kupima kila toleo la chanjo za Afrika kabla halijatumika. Uamuzi huo haukupendwa na kila kiwanda, lakini uliondoa sokoni vichupa ambavyo vingechanja ng'ombe kwa maji matupu.

Upande wa pili wa elimu ya kinga ulikuwa kusoma damu. Kingamwili ni alama inayobaki baada ya kirusi kuondoka, hivyo damu ya kundi ni kumbukumbu ya maradhi yaliyopita. Plowright mwenyewe alilionyesha hilo kwa nyumbu wa Serengeti. Alipima damu za nyumbu wa rika mbalimbali na kukuta kwamba waliozaliwa baada ya mwanzo wa miaka ya 1960 hawakuwa na kingamwili za sotoka. Kirusi kilikuwa kimetoweka miongoni mwao, ingawa hakuna aliyewahi kumchanja nyumbu hata mmoja. Kilichobadilika ni ng'ombe wa jirani, waliokuwa wamechanjwa. Ikawa wazi kwamba wanyamapori hawakuwa ghala la sotoka. Walikuwa wakiambukizwa na mifugo, na mifugo ilipolindwa, wao wakapona. Nyumbu wachanga wakaacha kufa wakifikia umri ambao dang'a ya mama imekwisha nguvu. Idadi yao ikapanda kutoka kama robo milioni mwanzoni mwa muongo ule hadi zaidi ya milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zikaliwa, moto wa mbugani ukapungua, na miti ikaongezeka. Ni mara chache chanjo ya ng'ombe imebadili sura ya hifadhi nzima.

Kupima damu kwa maelfu kulihitaji kipimo rahisi. Kilipatikana katika miaka ya 1980 na 1990: elisa ya ushindani, ambapo kingamwili za mnyama hushindana na kingamwili za maabara kushika protini H, na rangi kwenye kisahani huonyesha nani ameshinda. Maabara za Afrika ziliunganishwa katika mtandao uliosaidiwa na FAO pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo wengi hawalitarajii katika habari za ng'ombe. Kipimo kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: hakikuweza kutofautisha kingamwili za chanjo na za ugonjwa. Chanjo iliyofanana mno na kirusi cha porini iliacha alama ileile. Nchi iliyotaka kuthibitisha kwamba haina sotoka ililazimika kuacha kuchanja kabisa, kungoja ndama wapya wazaliwe, na kupima hao. Ulikuwa uamuzi wa kutia hofu. Waziri alitakiwa kuwaondolea mifugo wake kinga ili ajue kama bado wanaihitaji.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa ukoo mmoja wa kirusi, uliokaa kati ya Kenya na Somalia, ulikuwa umejificha kwa upole wake. Kwa ng'ombe ulisababisha homa ndogo na vidonda vichache, vitu ambavyo mfugaji hangeita sotoka. Ulijulikana kwa wanyamapori tu. Kuanzia 1994 nyati, tandala wadogo na pofu wa Tsavo walikufa kwa wingi, na tandala wengine wakapofuka. Mwaka 1997 ugonjwa huohuo ulikuwa umeingia kaskazini mwa Tanzania. Mara ya mwisho kirusi cha sotoka kuthibitishwa porini ilikuwa 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru nchini Kenya. Miaka kumi ya kupima damu ikafuata. Tarehe 25 Mei 2011 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitangaza kwamba nchi zote hazina sotoka, na tarehe 28 Juni mwaka huohuo FAO ikafanya vivyo hivyo.

Ukilinganisha sotoka na virusi vingine vya mifugo vya Afrika Mashariki, unaona kwa nini ushindi huo haujajirudia. Ugonjwa wa miguu na midomo una aina saba za kirusi, na kinga ya aina moja haimsaidii ng'ombe dhidi ya nyingine. Kinga ya chanjo yake, inayotengenezwa kwa kirusi kilichouawa, hudumu miezi tu. Nyati anaweza kubeba kirusi kooni kwa miaka bila kuugua. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa mara ya kwanza 1931 kutokana na vifo vya wanakondoo karibu na Naivasha, hukaa ndani ya mayai ya mbu yaliyozikwa ardhini, ikingoja mvua za mafuriko kama zile za 1997 na 2006. Hakuna idadi ya ng'ombe waliochanjwa itakayoyaondoa mayai hayo. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo R. E. Montgomery aliieleza Kenya mwaka 1921, inaishi kati ya ngiri na kupe laini wa mashimoni mwao bila kuwadhuru. Kirusi chake kina DNA kubwa yenye jeni nyingi za kuuchezea mfumo wa kinga, na kingamwili peke yake hazitoshi kukizuia.

Ugonjwa mmoja tu unafanana na sotoka kwa karibu: sotoka ya mbuzi na kondoo. Ulitambuliwa Côte d'Ivoire mwaka 1942, ukafika Turkana mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008. Ni mobilivirusi, hauna ghala la mbu wala kupe, una aina moja kwa macho ya kinga, na chanjo yake, iliyotokana na kirusi cha Nigeria cha 1975 kilichodhoofishwa kwa njia ileile ya chupa na seli, hulinda kwa angalau miaka mitatu. Mpango wa kuufuta ulizinduliwa Abidjan mwaka 2015, shabaha ikiwa 2030. Tofauti ipo kwenye mnyama, si kwenye kirusi. Mbuzi huzaa mapema, mara nyingi mapacha, na huuzwa au kuchinjwa upesi, hivyo kundi lililofikia kinga ya kutosha mwaka huu linaweza kuwa limeipoteza mwaka ujao. Mbuzi mmoja ana thamani ndogo kuliko ng'ombe, na mfugaji hupima gharama ya kumpeleka kuchanjwa kwa thamani hiyo. Wanaopanga kampeni sasa huilinganisha na misimu ya kuzaa, ili wale wachanga wafikiwe mara tu kinga ya dang'a inapoisha.

Kirusi cha sotoka chenyewe kimebaki suala la usalama wa maabara. Baada ya 2011 nchi ziliombwa kuharibu sampuli zao au kuzikabidhi kwa vituo vichache vilivyoidhinishwa. Taasisi ya Pirbright ya Uingereza, iliyokuwa na akiba kubwa kuliko zote, ilisoma jenomu ya kila sampuli, ikaihifadhi kama maandishi ya kompyuta, na mwaka 2019 ikateketeza vichupa vyake vya mwisho. Matumizi ya chanjo ya sotoka kuwakinga mbuzi, yaliyokuwa ya kawaida kabla ya kupatikana chanjo yao wenyewe, yamepigwa marufuku. Mnyama yeyote anayekutwa leo na kingamwili za sotoka anatakiwa kuchunguzwa mara moja.